HISP: Zaidi ya Miaka 30, Kutoka Cape Town hadi Mokambo

Mwaka 1994, Afrika Kusini ikiwa ndiyo kwanza inatoka kwenye ubaguzi wa rangi, Jørn Braa wa Norwei na wenzake wa vyuo vikuu vya Cape Town walianza kuzisaidia wilaya zijitunzie na kuzitumia takwimu zao za afya. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa mifumo ya taarifa za afya, HISP. Programu yake ya kwanza, DHIS, ilitolewa bure, ila iliegemea Microsoft Access: bila Windows haikufanya kazi.

Kuanzia 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kikaiandika upya kwa Java, iende kwenye Windows na Linux na kukubali hifadhidata za aina kadhaa. Programu hiyo mpya, DHIS2, ikaanza kazi Kerala, India, mwaka 2006. Lakini palipokuwa na nakala kwenye kila kompyuta, kila toleo jipya lilimtaka fundi azifuate moja moja.

Kenya ikaja na njia nyingine. Mwaka 2011, nyaya za baharini zikiwa zimefika Mombasa miaka miwili tu nyuma, iliweka seva moja ya taifa, wilaya zikaingia kwa modemu za simu. Toleo likibadilishwa hapo, limebadilika nchi nzima. Kasoro nayo ikiponyoka, hufika nchi nzima siku hiyohiyo.

Oslo wakapunguza mwendo. Matoleo makubwa yaliyokuwa yakitoka kila baada ya miezi michache sasa hutoka mara moja kwa mwaka, na matatu ya mwisho huendelea kupata marekebisho. Hifadhidata nyingine zikaachwa, ikabaki PostgreSQL. Naunga mkono uamuzi huo, kwani kila jukwaa linaloahidiwa linadai watu wa kulijaribu upya kabla ya kila toleo. Simu za Android, tena zisizo na mtandao kwa muda, hazikuachwa, na hapo ndipo walipofanya jambo la maana zaidi.

Kongo ya Kinshasa, yenye zoni za afya 519, nayo hutumia DHIS2. Kwenye vituo vya mpakani mwa Zambia, kama Mokambo, kazi huanza kwa kalamu. Muuguzi titulaire, yaani msimamizi wa kituo, hujumlisha rejista, malaria ya watoto chini ya miaka mitano peke yake, ya wajawazito peke yake, akajaza kanevasi, yaani fomu ya ripoti ya mwezi, ambayo hupelekwa ofisi ya zoni kuingizwa kwenye kompyuta. Skrini ikibadilika ghafla baada ya toleo jipya, ni rahisi namba sahihi kuangukia kisanduku kisicho chake, na huenda asigundue mtu.

Ng'ambo ya mpaka, kuelekea Mufulira, Zambia inatumia DHIS2 hiyohiyo. Hata hivyo kipindupindu cha Mufulira hakionekani Mokambo kwa sababu tu programu ni moja. Seva ni mbili. Uwezo wa kupokezana takwimu umo ndani ya programu. Ruhusa hutoka Kinshasa na Lusaka.