Malkia wa nyuki: mzinga mpole usiwe wa kwanza kuvunjwa

Mfugaji wa nyuki mwenye mizinga kumi huijua tabia ya kila mmoja. Upo ule unaoufungua jioni kwa moshi kidogo tu, nyuki wakatulia juu ya masega na asali ikawa imejaa. Upo na mwingine ambao ukiukaribia hatua ishirini tayari wamekuingia kichwani, na watakufuata mpaka nyumbani.

Sasa jiulize ni upi huvunwa zaidi. Katika maeneo yetu, kuanzia misitu ya Mbizi juu ya Sumbawanga hadi miombo ya Kalambo na Nkasi inayoteremkia Ziwa Tanganyika, jibu ni lile lile: ule mpole. Huvunwa mapema, huvunwa wote, mara nyingi pamoja na masega yenye majana, na kundi huhama au kufa. Ule mkali unaachwa kwa sababu hakuna anayeutaka. Msimu ukifika, ndio unaotoa makundi mapya na kujaza mizinga mitupu. Kwa hiyo wafugaji wengi tayari wanachagua mbegu ya nyuki, ila wanachagua kinyume.

Ili kugeuza hali hiyo, lazima kwanza kumwelewa malkia. Nyuki vibarua wote walio ndani ya mzinga ni watoto wake, na ukali, uchapakazi na tabia ya kuhamahama hutokana kwa sehemu kubwa na damu yake pamoja na ya madume aliokutana nao. Malkia hatoki kwenye yai la pekee. Yai lile lile linaloweza kuwa kibarua hugeuka malkia kwa chakula: buu likilishwa maziwa ya nyuki mfululizo, ndani ya chumba kirefu kinachoning'inia kama ganda la karanga, linakuwa malkia. Hapo ndipo mfugaji anapata nafasi yake. Kundi likikosa malkia lakini likawa na mayai au mabuu machanga, litajitengenezea mwingine, na ukiwapa nyuki mayai ya mzinga bora, watakulelea malkia wa ukoo ule.

Kuchagua kunaanza na daftari. Kumbukumbu ya kichwani huegemea mzinga uliokuuma juzi. Kila unapokagua, andika namba ya mzinga, tarehe, nyuki walikufuata umbali gani, masega mangapi yana asali na mangapi yana majana. Linganisha mizinga iliyo kwenye manzuki moja tu, maana mzinga ulio jirani na shamba la alizeti utaushinda ule wa mbali hata kama malkia wake ni dhaifu. Usihukumu pia kwa siku moja. Siku ya upepo, au ambayo siafu wamepita, hata kundi pole hukasirika.

Kwa Ufipa tungeweka sifa moja mbele ya upole: kukaa. Uwanda wetu una baridi na upepo mkali mwezi Juni na Julai, na maua hupungua. Nyuki wa Afrika wana desturi ya kuhama chakula kikipungua au wakisumbuliwa. Kundi lililovuka kipindi hicho miaka miwili mfululizo kwenye mzinga ule ule, likaja kutoa asali, lina thamani kuliko lililotoa ndoo moja kubwa likatoweka. Sifa nyingine ni usafi: angalia kama vibarua huondoa haraka majana yaliyokufa. Makundi ya aina hiyo hujikinga vizuri zaidi dhidi ya magonjwa na wadudu kama varoa, ambao mwaka 2009 waliripotiwa kuwapo hapa Tanzania na Kenya.

Tuseme wazi kwamba upole uliopitiliza nao si faida. Nyegere yupo, na wezi wa asali wapo. Tunachotafuta ni nyuki wanaolinda mlango wao bila kumfukuza mtoto anayepita njiani kwenda shule.

Kazi yenyewe hufanyika vizuri kwenye mzinga wa mbao wenye vibao vya juu, kwa kuwa sega linainuliwa bila kuvunjika. Subiri wakati chakula kinaingia kwa wingi na unaona madume wengi wakiruka mchana. Bila madume malkia mpya atakosa wa kumpanda. Saa kumi na moja jioni, kukiwa bado na mwanga, fungua mzinga ulioshinda kwenye daftari. Toa masega mawili au matatu yenye mayai na mabuu machanga, pamoja na nyuki walioyafunika, na sega moja la asali na chavua. Yaweke kwenye mzinga mtupu, ukung'utie humo nyuki wa masega mengine mawili, kisha upunguze mlango ili walinzi waumudu. Mzinga huo upeleke mbali kidogo, kwani ukiukaa karibu nyuki wakubwa watarudi kwao.

Huna haja ya kumtafuta malkia kwa macho. Baada ya siku nne, chungulia pande zote mbili: kwenye mayai mapya yuko malkia, na kule kusiko na mayai mapya utaona vyumba vya malkia vimeanza kujengwa. Kisha funga na uache. Malkia mpya hutoka takriban siku kumi na mbili baada ya kundi kukosa mama, hukaa kama wiki moja kabla ya kuruka kupandwa, kisha siku chache zaidi kabla ya kutaga. Kufungua mzinga katikati ya kipindi hiki ndilo kosa linaloua makundi mengi. Kagua baada ya wiki nne. Ukikuta mayai mawili au matatu kwenye tundu moja, vibarua ndio wanaotaga, na watazaa madume matupu. Changanya kundi hilo na jingine lenye malkia.

Mwenye mizinga ya magogo hawezi kugawa masega namna hii. Bado anaweza kuacha majana yote na sehemu ya asali kwenye mzinga bora, na kutundika mitupu iliyopakwa nta karibu nao kabla ya msimu wa makundi kutoka. Uhakika haupo, lakini nafasi inaongezeka.

Tatizo kubwa liko angani. Malkia hupandwa na madume kumi hadi ishirini, akiruka mbali na mzinga wake, na mbegu hiyo huitumia maisha yake yote. Dume huzaliwa na yai lisilorutubishwa, hivyo hubeba damu ya mama yake tu. Mizinga mikali ya jirani ikimwaga madume, wajukuu wa mzinga wako mpole watakuwa wakali.

Nguvu hiyo ya madume imeonekana Marekani Kusini, tena kwa nyuki wa huku kwetu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tabora ili apate nyuki wanaofaa nchi za joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Madume na malkia wao walichanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwepo, na kufikia mwaka 1990 uzao huo ulikuwa umefika Texas. Wabrazili hawakuweza kuwarudisha. Walichofanya kwa miaka mingi ni kuua malkia wa mizinga iliyozidi ukali na kuzalisha kutoka mizinga tulivu, na leo wanauza asali nje.

Ndiyo maana tunashauri kikundi kizima cha kijiji kifanye kazi hii pamoja. Mzinga mkali kupita kiasi, mwondoe malkia. Baada ya siku nane au tisa bomoa vyumba vyote vya malkia walivyojenga, kisha wape sega lenye mayai kutoka mzinga bora. Msichukue mayai kwenye mzinga mmoja tu: ukoo ukijirudia, majana huonekana yenye matundu matundu na kundi hudhoofika. Mizinga mama mitano au sita kutoka kwa wafugaji tofauti ni mwanzo mzuri, na kila mwaka mmoja ubadilishwe kwa unaoufuata kwenye daftari.