Wakutubi, Akili Unde na Ripoti za Kiboko

Wakutubi wa vyuo vikuu wakiitazama akili unde kwa tahadhari, hudhaniwa kuwa wanahofia kitumbua chao kuingia mchanga. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilizindua TEEAL mwaka 1999, mkusanyo wa majarida ya kilimo katika CD uliosomeka bila intaneti; mwaka 2003 ikaja AGORA, huduma ya majarida ya kilimo mtandaoni ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo maktaba za Kenya ziliunda ushirika wa KLISC ili zinunue majarida ya kielektroniki kwa pamoja. Waoga wa mashine hawafanyi hivyo. Wakutubi walizikubali nyenzo hizo kwa kuwa kila makala ilibaki na mwandishi wake, mwaka wake na ukurasa wake.

Uzito wa sharti hilo la chanzo kujulikana unaonekana Kiboko, kituo cha utafiti kilichoko Makueni kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Hapo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, hupima mahindi yanayostahimili ukame. Mbegu hupandwa kiangazi na kumwagiliwa, kisha maji hukatwa makusudi mahindi yakikaribia kutoa mbelewele. Anayesoma mavuno ya jaribio hilo bila kujua maji yalikatwa lini atamshauri vibaya mkulima wa Kibwezi. Maelezo ya aina hii aghalabu hukaa katika ripoti za vituo na tasnifu. Akili unde isipoyapata, yaweza kutunga marejeleo yenye anwani ya kuvutia lakini yasiyokuwepo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wakutubi wa nchi mbalimbali wameombwa kutafuta makala ambazo hazijaandikwa na yeyote.

Wapo watakaojibu kwamba programu hizi zinaboreka, na sasa nyingine huonyesha vyanzo. Ni kweli, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui, anayefupishiwa makala ngumu kwa dakika chache amesaidika. Kumkataza moja kwa moja ni kumwonea. Lakini programu haiwezi kumwonyesha ripoti iliyobaki kabatini. Basi vyuo na vituo vya utafiti, kabla ya kulipia programu hizo, vitenge fedha za kuskani na kukatalogi ripoti za nyanda kame, na mkutubi awe na sauti katika kikao kinachoamua kipi kinunuliwe.