Taka Ndiyo Nauli

Bandarini Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kuna kayaki za kijani ambazo hazikodishwi kwa fedha. Unaweka nafasi mtandaoni, unafika gatini, unakabidhiwa kafi, jaketi okozi, ndoo na koleo refu la kuokotea. Una saa mbili za kuzunguka mifereji. Sharti lake ni kwamba uokote taka zinazoelea, uzipime ukirudi, kisha uweke picha mtandaoni ili na wengine waone. Mpango huo, GreenKayak, ulianza mwaka 2017 na umeshavuka mipaka hadi Ujerumani, Norway na Ireland. Amsterdam wamekwenda mbali zaidi. Kampuni ya Plastic Whale, iliyoanzishwa na Marius Smit mwaka 2011, huwatoza watu fedha ili wapande boti wakavue plastiki kwenye mifereji ya mji kwa nyavu za mkono, na boti zenyewe zimeundwa kwa plastiki iliyovuliwa humo humo.

Mkazi wa Mwanza, jiji la Tanzania kando ya Ziwa Viktoria, akisimuliwa habari hizi huanza kwa kucheka. Ulipe fedha ili uokote taka za watu? Kwake usafi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yamefungwa hadi saa nne asubuhi, mwenyekiti wa mtaa anapita na kipaza sauti, na asiyetokea anajulikana. Utaratibu huo ulipata nguvu mpya tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuigeuza siku hiyo kuwa ya usafi; mwenyewe alionekana akiokota taka eneo la Feri, Dar es Salaam. Lakini mizizi yake ni mirefu kuliko awamu yoyote ya serikali. Wapo wanaouita msaragambo. Baganda wana bulungi bwansi, na siku yake ni tarehe 8 Oktoba. Rwanda wana umuganda, uliotungiwa sheria mwaka 2007: mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kazi ikiisha watu hukaa mkutano wa mtaa. Wazee wa Kongo wanaikumbuka salongo, kazi ya lazima ya enzi za Mobutu, na wengi hawaikumbuki kwa mapenzi.

Kwa hiyo huyu ameyafuata maji kwa starehe na taka ndiyo nauli yake, yule ameitwa. Wapenzi wa ujima hupenda kuishia hapo, kana kwamba kuitwa ndiyo sifa yenyewe. Basi wapite Mengo kwanza. Katika miaka ya 1880 Kabaka Mwanga wa Buganda aliamuru lichimbwe ziwa karibu na ikulu yake, nia ikiwa ni kuliunganisha kwa mfereji na Ziwa Viktoria. Wakubwa kwa wadogo walitiwa matopeni, na walioonekana kuzembea walitozwa faini. Chuki iliyotokana na kazi ile ni miongoni mwa mambo yaliyomng'oa kitini mwaka 1888. Mfereji haukufika ziwani. Ziwa la Kabaka lenyewe bado lipo, ndani ya jiji la Kampala, na kila ninapomsikia kiongozi akisema watu wetu hupenda kujitolea kwa asili yao, ndilo linalonijia kichwani.

Pamoja na hayo, sina haraka ya kumsifu mpiga kafi wa Copenhagen. Bandari ile ilikuwa chafu vibaya sana. Mvua kubwa ikinyesha, majitaka ya jiji yalifurika moja kwa moja ndani yake. Manispaa ilijenga mahodhi ya kuyazuia, ikaziba matundu ya mabomba, na viwanda vingi vikaondoka. Mwaka 2002 ndipo lilipofunguliwa bwawa la kuogelea ndani ya bandari, pale Islands Brygge. Kayaki za kijani zilifika miaka 15 baadaye. Marekani mambo yalikwenda kwa mpangilio huo huo. Mto Cuyahoga wa jimbo la Ohio ulishika moto mwaka 1969 kwa sababu ya mafuta yaliyoelea juu yake. Mwaka 1972 Bunge likapitisha Sheria ya Maji Safi, na mabilioni ya dola yakaingia kwenye mitambo ya kusafisha majitaka. Makundi ya wapiga kafi wanaokwenda kuokota taka mitoni kila kiangazi yalishamiri baada ya hapo. Wenzetu waliitana kupiga deki paa likiwa limeshazibwa. Sisi tunaitana huku linavuja.

Mto Mirongo unakatiza katikati ya Mwanza na kuingiza ziwani kila kilichotupwa au kutiririshwa huko juu. Nyumba nyingi za milimani zilijengwa bila bomba la majitaka, na miradi ya miaka ya karibuni imefikia baadhi ya mitaa tu. Kikundi kikiondoa tani nzima ya taka mdomoni mwa Mirongo mwezi wa tisa, mvua za vuli zitaleta nyingine. Kuwalaumu wanakikundi kwamba hawana moyo wa Wadenmark ni uonevu. Wanafanya kazi ambayo Copenhagen ilifanywa na wahandisi.

Kinachopatikana ndooni nacho kinaeleza mengi kuhusu sheria za nchi. Denmark chupa na kopo la kinywaji lina amana ya kurudishiwa, kuanzia kroner 1 hadi 3, kwa hiyo ni nadra lifike majini. Mpiga kafi hurudi na vichungi vya sigara, vifungashio vya chakula na vipande vya boksi jeupe la povu. Uholanzi walichelewa. Amana ya chupa ndogo za plastiki ilianza tarehe 1 Julai 2021, na ya makopo tarehe 1 Aprili 2023. Kabla ya hapo mifereji ya Amsterdam ilikuwa na mavuno ya kutosha kuundia boti. Mto Mississippi wa Marekani ni habari nyingine: mafuriko huzoa nyua za watu, na mtoni hupatikana matairi, mapipa na majokofu.

Mwanza hatuna sheria ya amana, lakini chupa ya maji haikai chini. Kabla jua halijawa kali waokota makopo wameshaipitia, kwa sababu ina bei kwa kilo. Wanaookota ni vijana na akina mama ambao hakuna anayewapiga picha wala kuwaita wanamazingira, na kama kuna mtu Afrika Mashariki anayefanana na mwenye kayaki ya kijani ni wao: wanakwenda kwa hiari, wanapima, wanaondoka na chao. Kinachobaki ufukweni ni kile kisicho na mnunuzi. Nepi. Kandambili iliyokatika. Vifungashio laini vya biskuti na sabuni ya unga. Vipande vya nyavu za nailoni. Zamani kulikuwa na viroba vya pombe, vidogo, vyepesi, visivyouzika popote. Marufuku ya Machi 2017 naamini ilivipunguza kuliko reki zetu zote. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia kwa takriban miaka kumi.

Ila kuna jambo moja ambalo wapiga kafi wametuzidi kabisa, nalo ni chombo. Usafi wa kuitwa huishia mchangani. Taka zilizonasa kwenye matete na magugu maji hazifikiwi kwa reki, kwa hiyo mwenye moyo hukunja suruali na kuingia maji ya magotini. Hayo ndiyo maji ya konokono wa kichocho, na mwambao wa Ziwa Viktoria una kichocho kingi. Tunawaambia watoto wa shule wasikae kwenye maji hayo, halafu Jumamosi tunawatuma humo.

Kazi hiyo hiyo ikifanywa kutoka mtumbwini inakwenda hivi. Watu wawili. Mmoja anakaa nyuma na kafi, kazi yake ni kuushikilia mtumbwi usizunguke. Mwenzake anapiga magoti mbele, hasimami, akiwa na koleo au ndoano ya mti. Wanakwenda upande ambako upepo unaelekea, maana huko ndiko taka zinakorundikana. Wanaingiza omo kwenye matete taratibu, wanaokota, wanarudi nyuma kidogo, wanaingia tena. Mfuko uliojaa maji hauvutwi ndani ulivyo, kwa sababu uzito wake unaweza kuinamisha ubavu wa mtumbwi ukachota maji. Unatobolewa kwanza, unachuruzika, ndipo unapakiwa. Mvuvi yeyote wa kisiwa cha Ukerewe anaweza kukufundisha haya kwa nusu saa, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba.

Kwa nini hatumwombi? Jibu rahisi ni kwamba Wazungu wana muda wa starehe na sisi mtumbwi ni wa kazi. Mmarekani Chad Pregracke analiharibu jibu hilo. Alikulia kando ya Mississippi, East Moline, jimbo la Illinois, na ujanani alikuwa mzamiaji wa kome. Mto ulikuwa riziki yake kabla haujawa kitu kingine. Ndiye aliyeona uchafu wa chini na wa kingo zake, akaanza kuuondoa mwaka 1997, na mwaka uliofuata akaanzisha Living Lands & Waters. Mwaka 2013 shirika la habari la CNN lilimtangaza shujaa wake wa mwaka. Mtindo wake ni kuishi na wenzake kwenye tishari, kwenda mji kwa mji, na kila wanapotia nanga wenyeji hupanda boti ndogo wakaokota kwa siku moja. Kazi na matembezi vimo ndani ya chombo kimoja, na aliyevianzisha ni mtu wa kazi.

Kwetu mtu wa aina hiyo yuko mwaloni, lakini uhusiano wake na wanaoandaa usafi si mzuri. Vipo vikundi vya BMU, vinavyosimamia fukwe na rasilimali za uvuvi, na kwenye makaratasi usafi wa mwalo ni wao. Mvuvi lakini anakumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu haramu zilipochomwa moto mbele ya macho yake. Sitetei nyavu haramu. Ziwa lilikuwa linamalizwa. Nasema tu kwamba ofisa akishuka kwenye gari mwaloni na kuanza kuzungumzia nyavu zilizotelekezwa majini, wenye nyavu huwa wameshatawanyika.

Lamu, pwani ya Kenya, walijaribu njia nyingine. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9, kwa takriban tani 10 za plastiki, likavikwa kandambili zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, mwaka uliofuata likaenda Zanzibar, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na mtoto aliyeligusa hawezi kulisahau. Hata hivyo jahazi moja ni mhadhara mzuri. Haliwezi kusafisha mto.

Kinachonishangaza ni kwamba furaha ya majini tunayo, tena ya zamani. Mpelelezi Stanley alipofika Buganda mwaka 1875 alikuta kundi kubwa la mitumbwi ya vita ya Kabaka Mutesa, na kiongozi wake alikuwa Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba, watu wa samaki kamongo. Leo koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi badala ya kupigana. Lamu wakati wa Maulidi majahazi hushindana. Mwanza, Musoma na Bukoba wanayajua mashindano ya mitumbwi yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi, timu za wanaume na za wanawake, watu wamejaa hadi juu ya mawe. Sherehe hizo zina kalenda yao, na usafi una Jumamosi yake. Plastic Whale hawakubuni chochote zaidi ya kuviweka vitu hivyo viwili siku moja.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ya mashindano, ningeongeza mzunguko mmoja baada ya fainali: kila timu ipite kwenye matete kwa saa moja, na pointi zihesabiwe kwa kilo. Mizani ya samaki ipo mwaloni. Ugomvi utaanzia kwenye nyavu, maana wavu wa sangara uliojaa tope unaweza kuwashinda watu waliookota mifuko saa nzima; kwa hiyo nyavu zipimwe peke yake, na taka nyingine zitundikwe zichuruzike kabla ya kupandishwa mizani. Timu za wanawake zisiwekwe mwishoni jua likiwa limezama, kama ilivyo kawaida ya waandaaji. Halmashauri nayo iseme mapema, kwa maandishi, lori litafika saa ngapi na litamwaga taka wapi, kwa sababu rundo likilala mwaloni usiku mmoja wenye upepo, asubuhi nusu yake imeshaingia tena ziwani.