Kondoo 96 kwa Taa Moja: Hekalu Kuu la Thanjavur

Siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola alikabidhi chungu cha shaba kilichofunikwa dhahabu, kiwekwe kwenye ncha ya mnara wa hekalu alilomjengea mungu Shiva mjini Thanjavur, kusini mwa India. Kwa hesabu yetu ni mwaka 1010. Siku yenyewe tunaijua kwa kuwa mfalme aliamuru ichongwe kwenye jiwe, pamoja na orodha ya kila alichotoa yeye, dada yake Kundavai, wake zake na wengine waliochangia. Kuta za hekalu zikageuka daftari.

Thanjavur ni nchi ya mpunga, bonde la mto Kaveri. Mwamba hapo haupo. Mawe yote ya mnara huo wa zaidi ya mita 60 yaliletwa kutoka mbali. Ndani yake limesimama linga, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva, yenye kimo cha karibu mita 4. Waongozaji wa wageni hupenda kusema kivuli cha mnara hakianguki ardhini. Kinaanguka, njoo jioni ukione.

Lakini utamu wa hekalu hili umo katika hesabu zake. Aliyetaka taa iwake usiku na mchana mbele ya mungu alitoa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16. Wanyama waligawiwa wachungaji, na mchungaji akawa na deni la kipimo kimoja cha samli ya taa kila siku. Katika maandishi ya Kitamil ya zama hizo, kondoo wa taa husemwa hawafi wala hawazeeki, yaani mchungaji asije mwakani na udhuru kwamba kundi limepukutika.

Wacheza ngoma 400 walihamishwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja akapewa nyumba na mpunga wa vipimo 100 vya kalam kwa mwaka. Ukutani mna jina la kila mwanamke, hekalu alikotoka na safu ya mtaa ilipo nyumba yake. Akifa au akisafiri nchi ya mbali, ndugu yake wa karibu anashika nafasi. Ndugu huyo asipoijua kazi, amtafute anayeijua. Wapo pia wapiga ngoma, washonaji, vinyozi na wahasibu. Mpunga wote huo ulitoka katika vijiji vilivyopangiwa kulipa, vingine hadi Sri Lanka, na sehemu ya dhahabu ilikuwa ngawira ya vita. Daftari halikuona haya kuyaandika hayo.

Halafu watu wakasahau kulisoma. Herufi zile za kale zilizidi kuwa ngeni, na hekaya zikampa mfalme mwingine sifa ya ujenzi, ilhali jina la mjenzi lilikuwa pale pale ukutani, mbele ya kila aliyepita. Mtaalamu Mjerumani, Eugen Hultzsch, aliyeanza kazi ya kusoma maandishi ya kale huko Madras mwaka 1886, ndiye aliyemrudishia Rajaraja hekalu lake.

Shiva, kwa wakati huo, alikuwa ameshapata majirani. Kila ukoo uliotawala uliongeza wake: nyumba ya mungu-mke, mwenzi wa Shiva, ni ya zama za Wapandya, karne ya 13. Wanayaka wakamjengea Murugan, mwana wa Shiva, kijumba chenye nakshi laini kiasi kwamba mawe yanaonekana kama mbao. Fahali Nandi anayemtazama bwana wake kutoka uani, jiwe moja la karibu mita 6, naye ni wa zama zao. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa akikua kila siku, mpaka alipopigwa msumari mgongoni. Wamaratha wakashughulikia nyumba ya Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, na mfalme wao Serfoji wa Pili akachongesha historia ya ukoo wake kwenye kuta hizo hizo za hekalu mwaka 1803.

Wanayaka walipaka pia picha zao juu ya picha za Wachola, katika ushoroba wa giza unaozunguka linga. Mwaka 1931 S. K. Govindaswami aligundua kwamba chini ya rangi hizo kulikuwa na rangi za zamani zaidi.

UNESCO ililiingiza hekalu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Februari 2020, kilele kilipooshwa kwa maji matakatifu baada ya miaka 23, watu walifikishana mahakamani: dua zisomwe kwa Kisanskrit au kwa Kitamil? Zikasomwa kwa zote mbili.

Na wacheza ngoma je? Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa hekalu. Hata hivyo, hekalu lilipotimiza miaka 1,000 mwaka 2010, wacheza ngoma 1,000 waliujaza ua kwa onyesho moja. Juu yao, ndani ya mnara, ushoroba wa ghorofa ya pili umezungukwa na Shiva mwenyewe akicheza. Mikao ya ngoma hiyo ni 108. Wachongaji wa Rajaraja walimaliza 81. Mawe ya mikao 27 iliyobaki yamo ukutani, kila moja mahali pake, bila kuguswa na patasi.