Busia na Malaba: Walikokulia watoto wa bodaboda

KABLA ya pikipiki kutapakaa Afrika Mashariki, bodaboda ilikuwa baiskeli, na nyumbani kwake palikuwa mpakani mwa Kenya na Uganda.

Wakazi wa makamo wa miji ya Busia na Malaba walikulia katika milio ya kengele za baiskeli. Kabla ya kimo chao kufikia kiti, wengi walijifunza kuendesha kwa kupenyeza mguu chini ya mtaimbo wa fremu, mwili ukiwa umepinda upande.

Chanzo cha biashara hiyo kilikuwa umbali. Katika miaka ya 1960 na 1970, abiria aliyeshuka garini katika kituo cha forodha cha upande mmoja alilazimika kutembea hadi kituo cha pili, kwani gari lilihitaji hati nyingi ili kuvuka. Baiskeli haikuwa na masharti hayo.

Vijana wakaweka mto laini juu ya keria, wakawa wakiita wateja kwa neno la Kiingereza 'border', lenye maana ya mpaka. Likarudiwa na kutamkwa Kiswahili, likawa 'bodaboda'. Inaaminika kwamba desturi hiyo ilianzia Busia, kisha ikafika Malaba na kuenea bara zima la mashariki.

Baiskeli nyeusi za chuma, maarufu kama 'Black Mamba', zilithaminiwa kama mifugo. Zilioshwa, zikapakwa mafuta na kulazwa ndani ya nyumba usiku. Aliyemiliki moja aliweza kulisha familia na kulipa karo.

Mpaka huo, unaotokana na hatua ya Waingereza ya 1902 ya kuhamisha sehemu ya mashariki ya Uganda hadi himaya iliyokuja kuwa Kenya, uliwatenganisha Wateso na Wasamia na jamaa zao. Kwa hivyo, baiskeli haikubeba wachuuzi tu, bali pia waombolezaji na waalikwa wa harusi.

Wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, bidhaa kama sabuni, chumvi na sukari ziliadimika Uganda. Magendo yakashamiri, na njia za panya zikafahamika vyema kwa waendesha baiskeli.

Busia ina kundi jingine lililotegemea magurudumu: watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamesafirisha mizigo kuvuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono.

Mabadiliko yalikuja kwa awamu. Mnamo 2008, serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo, bei ikashuka na baiskeli zikaanza kusukumwa kando. Mnamo Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia, ambapo msafiri hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja.

Utembezi ule kati ya vituo viwili, uliozaa bodaboda, ukakosa maana yake ya awali. Hata hivyo, neno lenyewe limesalia. Kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anapoita bodaboda, hutamka jina la mpaka ambao huenda hajawahi kuuona, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na wazee wa Busia kwa nguvu za miguu yao.