Mshono wa upasuaji wa kujifungua

Mshono wa upasuaji wa kujifungua ni kuunganisha kwa nyuzi tabaka za mwili wa mama zilizokatwa ili mtoto atolewe: ukuta wa mfuko wa uzazi, utando laini wa ndani ya tumbo, ala ngumu inayofunika misuli, mafuta, na mwisho ngozi. Kila tabaka hupona kwa mwendo wake. Utando hujifunika wenyewe kwa siku chache hata usiposhonwa, na ndiyo maana wapasuaji wengi leo huuacha. Ala huhitaji wiki nyingi kupata nguvu, kwa hiyo hushonwa kwa uzi unaoyeyuka polepole. Uzi ukilegea mapema, tumbo linaweza kufumuka au kuacha ngiri.

Kwa karne nyingi mfuko wa uzazi kwa kawaida haukushonwa, kwa imani kwamba utajikaza wenyewe. Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mama aliyelegezwa kwa pombe ya ndizi. Mfuko wa uzazi uliminywa kwa mikono mpaka ukajikaza, bila uzi wowote, na tumbo likafungwa kwa pini saba za chuma zilizozungushiwa nyuzi za magome. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Ulaya nako hofu ya damu na usaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba Eduardo Porro wa Pavia, mwaka 1876, aliona heri kuuondoa mfuko baada ya kumtoa mtoto. Max Sänger wa Leipzig ndiye aliyetetea, mwaka 1882, kuushona kwa makini kwa nyuzi za fedha na hariri. Tangu hapo swali likawa ushonweje.

Ubishi mkubwa ni wa tabaka moja au mbili. Njia ya Misgav Ladach, iliyoasisiwa Jerusalem na Michael Stark, hushona mfuko wa uzazi mara moja tu, na hivyo hupunguza muda wa upasuaji na nyuzi zinazotumika. Mwaka 2002 watafiti wa Montreal, Kanada, wakatia shaka: kati ya wanawake waliojaribu kujifungua kwa njia ya kawaida mimba iliyofuata, walioshonwa tabaka moja walikuwa na uwezekano wa kuchanika mfuko wa uzazi karibu mara nne ya walioshonwa mbili. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza lawama kwenye aina ya mshono zaidi kuliko idadi ya tabaka. Uzi unaopitishwa ndani ya kitanzi chake kila hatua huzuia damu kutoka, lakini pia huikaba nyama, na nyama iliyokosa damu hujenga kovu jembamba. Kukaza sana, basi, si ushahidi wa kazi nzuri.

Utafiti wa CORONIS, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wanawake karibu 16,000 wa Argentina, Chile, Ghana, India, Kenya, Pakistan na Sudan. Tabaka moja au mbili, utando kushonwa au kuachwa, uzi wa utumbo wa wanyama au wa kutengenezwa kiwandani: hakukuwa na tofauti kubwa katika wiki za mwanzo, wala miaka 3 baadaye. Jibu hilo linatuliza, ila lina mpaka wake. Kuchanika kwa mfuko wa uzazi ni tukio la nadra, na wanaoweza kulipata ni wale tu walioshika mimba tena, hivyo hata utafiti mkubwa namna hiyo hauwezi kulimaliza suala.

Kasoro nyingine ni kishimo kinachobaki ndani ya kovu. Damu ya hedhi hutuama humo na kuendelea kutoka matone matone siku kadhaa baada ya hedhi kuisha, dalili ambayo wanawake wengi huambiwa ni ya kawaida. Nchini Uholanzi, hospitali 32 ziliwapima wanawake 2,292: kushona tabaka mbili hakukupunguza matone hayo.

Kwenye ngozi, ushahidi uko wazi zaidi. Mafuta yenye kina cha zaidi ya sentimita 2 yakishonwa, kidonda hufumuka kwa nadra kuliko yakiachwa wazi. Uzi unaopita chini ya ngozi huleta matatizo machache kuliko pini za chuma, hasa pini zikitolewa mapema. Hata hivyo, dhidi ya usaha mshono hauwezi kuziba pengo la dawa: antibayotiki inayotolewa kabla ya kisu kugusa ngozi hukinga vizuri kuliko inayotolewa baada ya kitovu kukatwa. Kovu nene linalovimba na kuwasha, linaloonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hutegemea sana urithi, na fundi hodari huweza kulaumiwa bure.

Kovu la nje halionyeshi mfuko wa uzazi ulikatwaje. Mstari mzuri wa kulala juu ya kinena unaweza kuficha mkato wa wima, ambao huchanika kwa urahisi zaidi uchungu unapoanza. Kwa hiyo mkunga wa mimba inayofuata huhitaji maelezo yaliyoandikwa ya upasuaji: mkato ulikuwa wa upande gani, na ulishonwa vipi.