Kubakisha wauguzi, Kasulu na Kibondo

Kubakisha wauguzi ni juhudi za mwajiri za kumwezesha muuguzi kudumu katika kituo alikopangiwa, asihame wala kuacha kazi. Katika nyanda za juu za Kigoma suala hili linahusu wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, lakini kujenga ukuta ni rahisi kuliko kumpata wa kukaa ndani yake. Penye muuguzi mmoja, huyo huyo huzalisha usiku, huchanja watoto asubuhi, hugawa dawa, kisha hujaza kwa mkono vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya. Anayeomba uhamisho mara nyingi hutaja kumfuata mwenza, nyumba ya kuishi au shule ya watoto. Mshahara ni sababu mojawapo tu.

Kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na Nduta, iliyofunguliwa upya Kibondo mwaka 2015, zilileta mwajiri mwingine wa wauguzi: mashirika ya misaada yenye mikataba ya muda.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulipendekeza kudahili wanafunzi waliokulia vijijini na kuweka vyuo nje ya miji mikubwa. Kasulu ina chuo cha uuguzi huko Kabanga, jirani na hospitali ya Kanisa Katoliki.